Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Marekani: Bima kanyaboya isiitwe bima

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu bima za afya za muda mfupi, na kwa Kiswahili kwa sababu ninaowasemea ndiyo lugha yao. Ni madereva wa malori, watunza wazee na wafanyakazi wa viwanda vya nyama, watu waliotoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya, ambao leo wanaishi Marekani na wanalipa kodi huko. Mimi ni mkalimani. Jioni nikishatoka kazini, watu huja nyumbani na bahasha zao niwasomee. Zamani nyingi zilikuwa za uhamiaji. Siku hizi ni za hospitali.

Mwaka jana alikuja dada mmoja ambaye mumewe alikuwa amebadilisha kazi, na ile mpya haikuwa na bima. Dada alitafuta bima kwenye simu, akaandika namba yake mahali fulani, na siku hiyohiyo simu zikaanza kumiminika. Muuzaji aliyempata akamwambia bima hii inapokelewa hospitali zote, ila bei hiyo ni ya leo tu. Akasoma namba za kadi yake ya benki, akalipa papo hapo. Miezi miwili baadaye mumewe alishikwa na tumbo usiku, akapasuliwa na kutolewa mfuko wa nyongo. Kampuni ya bima ikaagiza mafaili yake ya zamani, ikakuta daktari aliwahi kuandika kwamba analalamika tumbo kujaa gesi akishakula. Basi. Ugonjwa ulikuwapo kabla ya bima, wakasema, hatulipi.

Tuliupekua mkataba ukurasa kwa ukurasa, chai ikitupoa mezani. Sentensi ya kuwaruhusu kufanya hivyo ilikuwemo, katikati ya aya ndefu ya herufi ndogo. Nilipomtafsiria alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa kile tulichokuwa tunalipa kila mwezi kilikuwa nini?"

Mimi sikuwa na jibu. Nadhani wewe unalo, kwa sababu ni wizara yako, pamoja na ile ya Kazi na ile ya Fedha, inayoamua bidhaa hii, yaani bima ya muda mfupi kama ile aliyouziwa, iuzwe vipi.

Sheria iliyosainiwa Machi 2010, ambayo wengi huiita Obamacare, ilizuia mambo haya. Tangu 2014 kampuni inayouza bima kamili kwa mtu binafsi haiwezi kumkataa kwa ugonjwa aliokuwa nao, wala kumtoza zaidi kwa ajili hiyo. Ni lazima igharamie makundi 10 ya huduma za msingi, zikiwemo uzazi, dawa, dharura na afya ya akili. Lakini mipango ya muda mfupi iliachwa nje. Ilikusudiwa kumsitiri mtu aliye katikati ya kazi mbili, kama mwavuli wa kuazima mvua ikikukuta njiani. Kwa hiyo inaruhusiwa kuuliza habari za maradhi yako, kukukataa, kuacha uzazi na dawa, na kuweka kikomo cha pesa itakazolipa. Bima kamili inatakiwa kutumia angalau asilimia 80 ya michango kwa matibabu na ubora wake. Hizi za muda mfupi hazibanwi na sharti hilo, ndiyo maana zinaweza kuwa rahisi na bado muuzaji akapata donge nono.

Halafu ikaja siasa. Mwaka 2016 serikali ilisema mpango wa muda mfupi usifike miezi mitatu. Mwaka 2018 serikali iliyofuata ikaurefusha hadi siku 364, na kwa kuuhuisha ukaweza kufika miezi 36. Miaka mitatu, na bado unaitwa wa muda mfupi! Mwaka 2024 ukarudishwa miezi mitatu, minne ukiongeza. Agosti 2025 wizara tatu, yako ikiwemo, zikatangaza kwamba kusimamia kikomo hicho si kipaumbele chao. Kanuni haikufutwa, imelazwa tu. Mwenye kampuni anaelewa maana ya tangazo la namna hiyo. Mama anayepigiwa simu akiwa anapika hajui hata kwamba kanuni ipo.

Najua upande wa pili wanasema nini, na sitaki kuwabeza. Bima kamili ni ghali. Rais Obama aliwaahidi watu mara nyingi kwamba anayeipenda bima yake ataendelea nayo, kisha mwaka 2013 mamilioni wakapokea barua za kufutiwa, naye akalazimika kuomba radhi hadharani. Nyingi ya bima zile zilikuwa hafifu, lakini watu waliahidiwa, na kidonda hicho kingali kibichi. Ruzuku kubwa ya serikali ya kununulia bima kamili, iliyoanza 2021, nayo ilikoma mwisho wa 2025, baada ya mvutano bungeni uliofunga shughuli za serikali siku 43. Na kwa sheria iliyosainiwa Julai 2025, wakimbizi ambao hawajapata grinikadi, kadi ya ukaazi wa kudumu, wataondolewa ruzuku ya bima kuanzia 2027. Watu wangu hao. Unafikiri watakimbilia wapi, Mheshimiwa, kama si kwa yule wa simu?

Mnauita huu uhuru wa kuchagua. Nakubali mtu mzima ana haki ya kununua kitu cha bei ndogo. Lakini anayenunua gari bovu huliona, huwasha injini akasikia. Bima huijui mpaka siku umelala kitandani hospitalini, na siku hiyo huwezi kuirudisha dukani. Mwaka 2020 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilifanya majaribio 31 ya siri kwa kuwapigia wauzaji wa bima, ikijifanya mteja mwenye ugonjwa tayari. Katika 8 kati ya hayo, muuzaji alificha mambo au kusema yasiyo kweli. Hao walikuwa wakaguzi, wanaojua cha kuuliza, tena kwa lugha yao.

Ninachoomba hakihitaji sheria mpya. Simamieni kikomo cha miezi minne kilichomo kwenye kanuni yenu wenyewe. Kabla pesa haijakatwa, muuzaji atume maandishi kwa lugha anayoielewa mteja, yakieleza kwa ufupi nini hakilipwi, kisha asubiri siku kadhaa. Mtu aliyepoteza bima ya kazini aambiwe waziwazi kwamba ana siku 60 za kujiunga na soko la bima la serikali, kunakouzwa bima kamili. Yule dada hakuambiwa na yeyote, na zilipita. Na neno "bima ya afya" wazuiwe kulitumia. Jimbo la California limepiga marufuku mipango hii tangu 2019, kwa hiyo msiseme haiwezekani.

Hospitali imewakubalia walipe kidogo kidogo. Kila mwezi dada huja na bahasha nyingine, nami huifungua mezani palepale. Ukinijibu, nitamsomea jibu lako kwa Kiswahili, neno kwa neno. Swali lake bado ni lilelile: walikuwa wanalipia nini?

Wako,
Mkalimani