Kaka, mwache mtoto akasome benki

Kaka,

Shikamoo. Simu zangu hupokei, meseji unazisoma usiku wa manane na hujibu. Basi naandika hapa, wanao watakusomea.

Nimesikia mtoto kachaguliwa IFM, Chuo cha Usimamizi wa Fedha, akasome Benki na Fedha, na wewe umegoma. Tena ulilisema mbele za watu, kwenye arobaini ya mama mdogo: "Sitaki mwanangu akasomee kutowajua ndugu zake." Watu wakacheka. Mimi nilikuwa uani nachambua mchele. Nilisikia.

Haya, tuiseme siku yenyewe. Januari 2019. Korosho zote serikali ilishatangaza kuzinunua kwa shilingi 3,300 kilo, wanajeshi wakazisomba, lakini uhakiki haukwishi na akaunti yako haina kitu. Mtoto anaingia kidato cha kwanza. Elimu bila ada, sawa, lakini godoro, ndoo, sare na madaftari nani analipa? Ukaja tawini kwetu benki kuomba mkopo, kofia mkononi, umekumbatia mfuko wa rambo. Ukapanga foleni kama mtu baki. Ulipofika mezani kwangu nikakuambia, "Karibu, mteja. Vielelezo umekuja navyo?"

Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu, kaka. Shamba halina hati, stakabadhi ya ghalani haijalipwa, kipato ni cha msimu. Kwa karatasi zile hata angekuja baba ningemrudisha, na hilo nalisema mpaka leo. Pesa ninayokopesha si yangu, ni ya watu walioiweka, na wengine ni wakulima kama wewe. Kuna mmoja anaweka elfu kumi kumi. Nayo niichezee?

Tena laki nne! Ungenipigia tu ningetoa mfukoni. Ingawa mwezi ule, nikishakatwa asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo kwa deni la chuo, na kodi ya chumba, sijui ningeitoa wapi. Lakini ningetafuta. Wewe ukaona bora uje kwa mlango wa wateja, halafu unashangaa kupokewa kama mteja.

Ila kuna kitu sijakuambia. Afisa mikopo akiletewa faili la ndugu yake hapaswi kulishughulikia. Anasema, "Huyu ni kaka yangu," anamwachia mwenzake. Basi. Chuoni tulilisoma kabisa na kwenye mtihani nikalijibu vizuri. Siku ile sikulisema, kwa sababu nilikuwa naangalia vidole vyako juu ya meza, vile vilivyobabuka kwa mafuta ya korosho, na nyuma yako kuna wateja wenye tai. Niliona aibu, kaka. Vidole vilevile vilivyonibangulia ada miaka mitatu, maana bumu, ule mkopo wa chuo, lilikuwa la kula tu.

Ule mfuko uliuacha kwenye kiti. Mlinzi aliniletea jioni, akaniambia, "Mzee wako kasahau mzigo." Yeye alijua tunafanana.

Lakini na wewe cherehani ya mama uliuza bila kuniuliza! Ilikuwa yetu sote. Nimeisikia kwa majirani.

Sasa mtoto. Kasoma EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hesabu, na hesabu anaziweza, kwa nini umpoteze? Mwambie mwaka wa kwanza urari, ile hesabu ya pande mbili kulingana, utamkatalia mpaka alie, asihame kozi. Akienda field, mafunzo ya kazini, asikubali kufanywa mtu wa kutoa kopi tu, aombe kukaa na keshia jioni wakati wa kufunga hesabu. Hapo ndipo kazi ilipo. Mimi mwezi wangu wa kwanza dirishani nilipungukiwa elfu hamsini nikailipa kwenye mshahara, na tangu hapo nahesabu mara mbili hata chenji ya daladala. CPA, ile mitihani ya kitaaluma ya uhasibu, aianze mapema, kabla hajaolewa. Usinune, mimi nimerudia somo moja mara tatu nikiwa na mtoto mgongoni. Na usimwambie kwamba kila kona kuna wakala hivyo benki zimekufa. Wakala anatoa pesa. Wa kukaa na mkulima akaisoma korosho yake kama dhamana bado wachache, na huyu amekulia chini ya mikorosho.

Cheti chake cha kuzaliwa ninacho, RITA, wale wa usajili wa vizazi na vifo, wameshakihakiki. Fomu ya Bodi nimeijaza yote. Kwenye mdhamini nimeandika jina langu kwa penseli. Ukitaka liwe lako, raba ipo.

Dada yako