Maegesho ya jengo la biashara yasihamishiwe kwenye kiwanja cha wazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze mgogoro unaoendelea katika mtaa wetu wa Ngamiani, hapa jijini Tanga, baina ya wakazi na mmiliki wa jengo moja la biashara la ghorofa nne, ambaye sasa ameomba kiwanja cha wazi kilicho nyuma ya jengo hilo kibadilishwe matumizi na kuwa maegesho ya magari ya wateja na wapangaji wake.

Ombi hilo limeletwa kana kwamba jengo halikuwahi kutengewa maegesho. Ramani tuliyoonyeshwa mtaani wakati msingi unachimbwa ilitenga sakafu yote ya chini kwa ajili ya magari. Jengo lilipokamilika, nguzo zikaunganishwa kwa kuta za matofali, milango ya chuma ikafungwa, na sakafu ile ikagawanywa kuwa fremu za maduka. Anayetaka ushahidi hana haja ya kupekua mafaili. Aingie katika duka la magodoro lililo pembeni, ainame kidogo, ataona mistari ya rangi ya njano iliyochorwa kutenganisha magari ikipita chini ya bidhaa na kuishia kwenye ukuta wa fremu ya jirani. Hata mteremko wa kuingizia magari bado upo, ila umewekwa vigae na sasa ndipo anapokaangia muuza chipsi.

Magari yaliyokosa sakafu hiyo yamehamia barabarani. Barabara za Ngamiani, hizi zinazoitwa kwa namba, zimenyooka vizuri, lakini si pana kiasi cha kubeba magari yaliyoegeshwa pande zote mbili na bado bajaji mbili zikapishana katikati. Madereva hupanda juu ya mtaro, na mifuniko ya zege mbele ya nyumba kadhaa imekwisha kuvunjika, kwa hiyo mvua za masika zikianza takataka huziba njia ya maji na maji hayo huingia vibarazani. Sijui gari la zimamoto litapita wapi siku ya haja. Waendesha baiskeli, ambao Tanga si wachache, wamebaki kujipenyeza kati ya milango ya magari inayofunguliwa bila taarifa. Na katika mazungumzo yote ya maegesho sijasikia mtu akiuliza baiskeli zao ziwekwe wapi.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inamtaka mtu apate kibali cha mamlaka ya upangaji kabla ya kuendeleza ardhi, na mabadiliko ya msingi katika matumizi ya jengo nayo yanahesabiwa kuwa uendelezaji. Ikiwa mmiliki anatambua kwamba kiwanja kinahitaji kibali ili kigeuzwe kuwa maegesho, basi anatambua pia kwamba maegesho yalihitaji kibali ili yageuzwe kuwa maduka. Tumeomba kuonyeshwa kibali hicho cha pili, na hadi ninapoandika barua hii hatujaonyeshwa.

Tunaambiwa kwamba tunapinga maendeleo na riziki za watu. Wenye maduka hawana kosa, kwani walikuta fremu zimeshajengwa wakalipa kodi ya miezi mingi mbele, na mimi mwenyewe hununua mahitaji yangu kwao. Lakini kiwanja kile nacho kina kazi. Hapo ndipo turubai hufungwa kukiwa na msiba au harusi, kwa sababu nyumba zetu hazina ua wa kutosha, na ndipo watoto huchezea jioni badala ya kuchezea barabarani. Faida ya fremu inaingia katika mfuko wa mtu mmoja. Sioni kwa nini gharama yake ilipwe na mtaa mzima.

Tunaiomba mamlaka ya upangaji isijadili ombi la kiwanja kabla ya kukagua jengo na kulilinganisha na ramani iliyoidhinishwa. Ikithibitika kwamba sakafu ya chini ilikuwa ya magari, fremu zinazoziba mteremko zianze kuondolewa, wapangaji wake wapewe notisi ya kutosha na mmiliki awarudishie kodi ya miezi ambayo hawajaitumia. Vilevile, mkutano wa hadhara wa mtaa uitishwe kabla uamuzi wowote juu ya kiwanja haujafanyika, na ramani hiyo iletwe mkutanoni.

Mkazi wa Ngamiani,
Tanga