Shoga, andika kuhusu ile rafu ya 896

Shoga yangu wa mimi,

Za masiku? Za chuo? Mama hajambo? Nipelekee shikamoo yangu, mwambie mi mzima kabisa ila joto la Tanga mwezi huu hata usiku halilali. Voisi zako nimezisikiliza zote, nikaona hili la shindano la makala nikuandikie tu, maana tukipigiana simu tutaanza na harusi ya binamu yako tumalize na bei za vitenge, na makala tutaisahau.

Kwanza shiriki, tena usirudie kusema eti mashindano ya makala ni ya watu wa vyuo vikubwa huko nje. IFLA wenyewe, yani shirikisho la kimataifa la maktaba, ambao wapo tangu 1927 na mwaka 1984 kongamano lao lilifanyika hapo Nairobi, wameshakuwa na tuzo ya makala kwa ajili ya wanafunzi wa fani yetu hii hii ya ukutubi, wadhamini wakiwa kampuni ya ekz na jarida la b.i.t.online, wote wa Ujerumani, na mshindi anawezeshwa kwenda kongamano la dunia. Yani mwanafunzi ambaye hata ajira hajapata anakaa ukumbi mmoja na watu ambao sisi majina yao tunayaona kwenye hendauti tu. Kwa nini asiwe we?

Ila mada uliyoniambia, ya akili mnemba na mustakabali wa maktaba, hapana shoga, naomba uiache. Si mbaya, lakini hiyo kila mtu ataandika mwaka huu, na we huna data, utaishia kunukuu waliokwisha kunukuliwa. Majaji wanaosoma rundo la makala wanataka kitu ambacho mwandishi amekiona kwa macho yake akaenda kukichunguza. Na we unacho, ulinisimulia mwenyewe uliporudi fildi, ile habari ya wanafunzi kuulizia riwaya za Kiswahili na kuzikosa wakati zipo humo humo ndani ya maktaba.

Hebu fikiria. Melvil Dewey, yule Mmarekani, alitoa mpango wake wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba 1876, kijana wa miaka 24, kijitabu cha kurasa 44, na fasihi akaipa mia nane. Mpaka leo fasihi ya Kiingereza inakaa 820 nzima, ushairi 821, tamthilia 822, riwaya 823, hata barua zina namba yake 826. Wajerumani 830, Wafaransa 840, Waitalia 850, Wahispania 860, Kilatini 870, Kigiriki 880. Halafu dunia nzima iliyobaki inasukumiwa 890, na humo ndani lugha zetu nyingi za Afrika zinabanana kwenye 896. Kiswahili ukitaka kukifikia ni 896.392, na hapo hujasema kama ni shairi au riwaya, uongeze tarakimu nyingine tena. Hii ni lugha ambayo UNESCO mwaka 2021 waliitengea siku yake, tarehe 7 Julai, na wanasema wazungumzaji wanazidi milioni 200! Kwenye dini nako ni hivyo hivyo, Ukristo umetandazwa kuanzia 220 mpaka 280 na kitu, Uislamu umewekwa 297, sasa fikiria maktaba ya huku Pwani inavyoonekana.

Madhara yake si ya kwenye karatasi tu. Namba ikiwa ndefu haienei kwenye lebo ya mgongo wa kitabu, kwa hiyo maktaba ndogo inakata inaandika 896 basi, ukifika kwenye rafu unakuta tenzi, riwaya, tamthilia, vya Kiswahili na vya lugha nyingine za Afrika, vyote pamoja. Mtoto wa fomu tuu anasimama pale anashangaa anaondoka zake. Mi hili naliona kazini kila wiki na linaniuma sana, kwa sababu huyo mtoto hatarudi kuuliza, atajua maktaba haina.

Na hapa ndo penye utamu wa makala yako, nisikilize vizuri. Dewey yenyewe inatoa ruhusa! Kuna maelekezo kwamba maktaba ikitaka kuipa kipaumbele fasihi ya kwao inaweza kuipa namba fupi, kwa mfano kuihamishia 810 pale ilipo ya Marekani. Sasa jiulize kwa nini maktaba nyingi zetu hazifanyi. Mi nahisi ni kwa sababu rekodi za vitabu tunazivuta zimeshatengenezwa nje, ukibadili namba yako utakuwa hufanani na wenzako kwenye katalogi, na kubandika upya lebo vitabu vyote ni kazi ya miezi na watu hamna. Lakini hiyo ni hisia yangu, we kawaulize wakutubi wenyewe, hilo ndo swali la utafiti.

Usijitanue. Chukua maktaba ya shule, ya mkoa na ya chuo, beba orodha moja ya vitabu vya Kiswahili uende nayo kote uone kila kitabu wamekipa namba gani na kimekaa wapi, kisha kaa na wasomaji wachache uwaulize wangeanza kutafuta wapi. Piga picha za rafu, ila omba ruhusa kwanza, na sura za watu zisionekane. Ukifika kwenye maandiko usijaze nadharia kurasa nne nzima, ingia kwenye matokeo mapema, na ikisiri iandike mwisho kabisa ukishajua umesema nini. Masharti ya shindano yasome neno kwa neno, wengi wanatupwa kwa kuzidisha maneno au kukosea namna ya kunukuu tu.

Supavaiza wako akikwambia mada ni ndogo, muoneshe hizo namba za mia nane akae azitazame.

Nitumie rasimu hata ikiwa nusu nusu, Jumapili sina zamu nitaisoma yote nikuwekee komenti. Na ile orodha ya vitabu acha nikuanzishie mimi, hapa kwetu nakutolea namba zao kesho nikifungua.

Wako wa siku zote,
Shoga yako wa Tanga