Ombeni Karatasi Kabla ya Kuomba Lami

Mhariri,

"Barabara yetu imeoza, tunaomba msaada." Barua kama hiyo ikifika kwa Ombudsman wa Kenya, yaani CAJ, tume inayopokea malalamishi dhidi ya ofisi za umma, haina pa kushikwa. Barabara ipi? Kutoka wapi hadi wapi? Nani alilipwa kuitengeneza?

Kwanza ajulikane mwenye barabara. Ziko za mamlaka tatu za kitaifa, yaani KeNHA kwa barabara kuu, KURA mijini na KeRRA mashambani, na zile za mitaani na vijijini kwa kawaida ni za kaunti. Serikali kuu na kaunti zenyewe huvutana kuhusu nani atunze ipi, hasa pesa za ushuru wa mafuta zikitajwa, kwa hivyo swali hilo liulizwe kwa maandishi. Ukiishtaki kaunti kwa barabara isiyo yake, malalamishi yamekufa siku hiyo hiyo.

La pili wengi hawalijui. Tume ikikuta kaunti imezembea, hutoa mapendekezo, na Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2021 kwamba mapendekezo hayo hayalazimishi. Habari zilizofichwa ni jambo jingine. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, tume inaweza kuamuru stakabadhi zitolewe, na amri hiyo ikiwasilishwa Mahakama Kuu hutekelezwa kama hukumu. Meno ya tume yako hapo.

Kwa hivyo iandikieni kaunti, kwa Kiswahili mkitaka maana sheria inaruhusu, mwombe mkataba, orodha ya kazi na bei ambayo wanakandarasi huiita BQ, vipimo vilivyoidhinishwa kulipwa, na tarehe ambayo mwanakandarasi anaachiliwa wajibu wa kurekebisha kasoro. Hiyo ya mwisho msiisahau: kabla ya tarehe hiyo, marekebisho ni kwa gharama yake, na kwa kawaida sehemu ya malipo yake huwa bado imezuiwa. Kuwasilisha ombi ni bure. Mnaweza tu kutozwa gharama ya nakala. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Karatasi zikija, hesabu ni rahisi. Kilomita moja ya barabara yenye upana wa mita 5, ikiwekwa changarawe ya milimita 150 iliyoshindiliwa, inameza mita 750 za ujazo. Changarawe ikiwa bado haijashindiliwa huwa nyingi kwa takriban robo, basi hapo ni kama mita 940, yaani lori 94 za mita 10 kila moja. Kijiji kilichohesabu lori 30 kina swali la kuuliza.

Kwa lami, tazameni kiraka chenyewe. Shimo hukatwa kingo zisimame wima hadi kwenye lami nzima, likafagiliwa, likakaushwa, likapakwa lami ya kugandishia, kisha likajazwa kwa matabaka, kila tabaka likishindiliwa. Kiraka cha mviringo kilichomwagwa kwa sepetu juu ya matope, kikaachiwa matatu yakikanyage, kitang'oka mvua ya kwanza kwa sababu maji hupenya ukingoni. Mtaro ukiwa umeziba, hata kiraka kizuri hakitadumu. Angalieni basi kama BQ ilikuwa na kazi ya kuzibua mitaro na kalvati. Mara nyingi hapo ndipo pesa hulipwa na jembe halionekani.

Sasa siku. Kaunti ina siku 21 za kujibu, na inaweza kujiongezea mara moja tu, zisizozidi 14. Ikinyamaza, sheria huhesabu kwamba imekataa, na kuanzia hapo mna siku 30 za kuiomba CAJ ipitie uamuzi huo. Wengi hungoja jibu miezi mitatu kwa heshima, kumbe muda umepita.

Malalamishi ya uzembe wenyewe yapelekwe CAJ kwa barua ya kando, yakiambatanishwa barua mliyoiandikia kaunti kwanza na picha za mashimo. Picha ipigwe tepu ya fundi ikiwa ndani ya shimo ili kina kisomeke, na iandikwe tarehe pamoja na nambari ya nguzo ya stima iliyo karibu. Kesi ikiwa tayari iko kortini, tume haitachunguza jambo hilo. Anayemtaka Ombudsman asitangulie kortini.

Msomaji,
Nakuru