Wimbo mmoja, bendi mbili zilizonuniana

Magomeni, Dar es Salaam

Mwanangu, rafiki yangu wa tangu shule,

Salamu sana. Mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu, kama tulivyokuwa tukiandikiana enzi za shule. Jua la Dar unalijua, sina haja ya kulisema. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, kisha nikaurudia kwa ajili ya dogo, mwanao, aliyekuwa anapiga gitaa nyuma yako huku unaongea. Anakwenda vizuri. Mkono wa kulia bado mzito kidogo, lakini hilo linatibika.

Sasa ubishi wenu juu ya wimbo mmoja uliorekodiwa na bendi mbili za rock nzito za Kimarekani. Wewe unasema The Four Horsemen ya Metallica ndiyo yenyewe, mwanao anasema Mechanix ya Megadeth, kwa kuwa aliyeipiga ndiye mwenye mali. Mnataka mimi niamue, na niseme dogo ajifunze ipi kwanza. Niko upande wako, ila hoja yako siitaki. Eti Metallica wameuza zaidi! Kwa hoja hiyo tungeacha kusikiliza nusu ya muziki tunaoupenda.

Tuanze na lisilobishaniwa. Wimbo ni wa Dave Mustaine, mpiga gitaa ambaye baadaye alianzisha Megadeth. Aliingia nao Metallica mwaka 1982 ukiitwa The Mechanix, na Julai mwaka huo bendi ikaurekodi kwenye kaseti ya majaribio, No Life 'til Leather, ile iliyozunguka mkono kwa mkono kwa kudurufiwa kabla hawajawa na albamu hata moja. Humo James Hetfield anaimba maneno ya Mustaine, na Mustaine anapiga solo. Kwa hiyo dogo akirudia neno la "wizi", mwonyeshe jalada la Kill 'Em All, albamu ya kwanza ya Metallica: watunzi wa The Four Horsemen, ndiyo The Mechanix iliyobadilishwa jina na maneno, wameandikwa watatu, Hetfield, mpiga ngoma Lars Ulrich na Mustaine. Jina la Mustaine limo kwenye nyimbo 4 za albamu hiyo. Mtu anaweza kuuliza kama aliridhika na mgawanyo, na jibu ni kwamba amelalamika miaka nenda rudi, lakini kufichwa hakufichwa.

Tarehe 11 Aprili 1983, bendi ikiwa New York inajiandaa kurekodi, walimwamsha Mustaine asubuhi wakamwambia hayumo tena. Pombe na ugomvi vilikuwa vimezidi. Wakampakia kwenye basi la Greyhound arudi California, upande wa pili kabisa wa nchi. Nafasi yake akachukua Kirk Hammett kutoka bendi ya Exodus. Mei wakaingia studio mjini Rochester, Julai albamu ikatoka. Mustaine alikuwa na miaka 21. Hetfield na Ulrich, 19 kila mmoja. Humo ndani ya basi akaandika mashairi nyuma ya kikaratasi cha seneta Alan Cranston kilichozungumzia silaha za nyuklia, na kutoka kwenye maneno ya kikaratasi hicho likapatikana jina la Megadeth.

Sisi tuliokulia mjini hapa hatushangai mtu kuhama bendi. Marehemu Muhidin Gurumo alikuwa NUTA Jazz, mwaka 1978 akawa miongoni mwa walioianzisha Mlimani Park, yaani Sikinde, baadaye akaonekana Safari Sound, na mwisho akarudi nyumbani Msondo, ndiyo NUTA ile ile. Mashabiki wa Sikinde walinuna, wa Msondo wakatamba, maisha yakaendelea. Huku kwetu mwanamuziki akihama anakwenda kutunga kipya cha kuwaumiza aliowaacha. Mustaine naye alitunga vipya, vingi tu, lakini kimoja hakukiacha. Mwaka 1985 Megadeth walipotoa albamu yao ya kwanza, Killing Is My Business... and Business Is Good!, wimbo wa mwisho kwenye kanda ulikuwa Mechanix. Jina lake la zamani, maneno yake ya zamani, na kasi ambayo hata kwenye ile kaseti haikuwepo. Amesema mwenyewe kwamba alitaka kuwanyoosha Metallica, kwani walikuwa wakimsema kuwa mlevi asiyejua kupiga.

Hapa ndipo ninapotaka msikilize kwa makini, wewe na dogo. Wekeni ile sauti ya gitaa inayofungua wimbo, kile kipande kinachojirudia chini ya mashairi. Mkono wa kulia unapiga noti moja ndefu kisha mbili fupi, ndefu, mbili fupi, bila kupumzika, kwa nyuzi zilizobanwa na kiganja. Huo ni mwendo wa kwato. Ulikuwa mwendo wa kwato tangu siku Mustaine alipoutunga, kabla farasi yeyote hajatajwa. Na mwenyewe aliuwekea maneno gani? Kijana wa kituo cha mafuta na mteja wake wa kike. Pistoni, shafti, pampu, kila kifaa kina maana ya pili, na wewe mtu mzima unaielewa. Mafumbo ya aina hiyo hatuyaonei aibu, tunayo ya kwetu na ni makali zaidi. Tatizo langu ni kwamba maneno yale hayana habari na gitaa. Gitaa linakimbia kwenda mahali, maneno yamekaa kituoni yanachekacheka.

Hetfield alilisikiliza gitaa. Alipoandika maneno mapya akaleta wapanda farasi wanne, wale wa Ufunuo sura ya 6 uliyokuwa ukiikariri kwenye kwaya. Hebu angalia hapa, maana najua utafungua Biblia: kule kuna farasi mweupe, mwekundu, mweusi na wa kijivujivu, na mpanda farasi mwenye jina ni mmoja tu, Mauti. Hetfield yeye ana Wakati, Njaa, Tauni na Mauti. Huyo Wakati kamtoa mfukoni mwake. Mwalimu wetu wa Shule ya Jumapili angemchapa, lakini kwa wimbo nadhani kapatia, kwa sababu gitaa lile linalojirudia bila huruma ndilo saa yenyewe.

Nilikuwa nimesimama kwenye basi la asubuhi kwenda mjini, nimeziba masikio kwa spika za simu, nikaweka zote mbili zifuatane. The Four Horsemen ina dakika 7 na ushei. Ilianza tumeliacha kituo cha Mapipa, na ilipofika ule mlango wa katikati tulikuwa kwenye daraja la Jangwani, maji ya mvua yametanda pembeni. Unaujua mlango ninaousema. Mbio zote zinakatika. Ngoma zinashuka, magitaa yanafunguka, inaingia hewa, na Hammett anaanza solo ya taratibu, ya kuimbika, ambayo hukuitarajia kwa watoto wenye hasira kiasi kile. Chini yake Cliff Burton anatembea na besi kana kwamba hakuna anayemkimbiza. Wengi husikia humo harufu ya Sweet Home Alabama ya Lynyrd Skynyrd, na Mustaine mwenyewe ameutaja wimbo huo alipokizungumzia kipande hiki. Sawa, harufu ipo. Lakini sikiliza kinachofuata: kwato zinaporudi, zinarudi nzito kuliko mwanzo, ingawa mwendo ni ule ule. Kilichobadilika ni wewe uliyekuwa umepumzishwa.

Na hili ndilo lililonifurahisha kwa sababu ya masikio yetu sisi. Dansi letu huanza taratibu, mashairi yasikike, halafu ndipo linapofunguka sebene na viti vinabaki vitupu. Hawa wamegeuza: wameanza na sebene, wakashuka katikati hadi kwenye mashairi ya gitaa, wakapanda tena. Kwenye kanda ya majaribio ya 1982 sehemu hiyo haipo, na kwenye Mechanix haipo. Ndiyo maana Mechanix inaishia dakika 4 na kitu.

Nisije nikamuonea Mustaine. Mechanix si wimbo wa kupuuzwa, na dogo ana haki ya kuupenda. Kwanza ile bendi. Mpiga ngoma Gar Samuelson na mpiga solo Chris Poland walitokea kwenye jazi, na inasikika: ngoma za Samuelson haziko pale kupiga tu misumari, zina mchezo ndani yake, zinasukuma na kuachia, wakati Ulrich wa 1983 anapigana na kifaa chake kama anakidai. David Ellefson kwenye besi hakosi hata noti moja kwenye kasi ile. Kwa ufundi wa vidole, nakubali bila kinyongo, Megadeth wanawaacha Metallica wa albamu ya kwanza mbali sana. Kisha sauti yenyewe ya kurekodi ni mbovu kwa sababu inayojulikana. Kampuni iliwapa dola 8,000, sehemu kubwa ikaishia kwenye dawa za kulevya na pombe, wakamwachisha kazi prodyuza wakamalizia wenyewe. Usimpe dogo toleo la kwanza la 1985. Mtafutie lililochanganywa upya mwaka 2002 au lile la 2018, asikie magitaa yanasema nini.

Ila sasa ile kasi. Nimejaribu kuipenda, wapi. Mwendo wa kwato una kiwango chake. Ukizidisha, zile noti mbili fupi hazisikiki tena kuwa mbili, zinamezwa na ile ndefu, inabaki mngurumo. Mustaine amekimbiza wimbo wake mpaka ukapoteza kitu kile kile kilichoufanya uwe wimbo. Alikuwa anapiga akiwatazama watu wawili watatu waliomfukuza, na mtu akipiga kwa ajili ya kumkomoa mwenzake unasikia. Kuna nguvu humo, ngozi inasisimka, lakini huoni mahali pa kukaa. Hata anavyoyatafuna maneno, nusu anayaimba nusu anayatema, ni mtu anayejibu. Mimi ninapenda mtu anayejibu. Siwezi tu kumsikiliza kila siku.

Kwa hiyo mwambie dogo hivi: mwenye mali ni Mustaine, na hakuna wa kumnyang'anya. Bila mkono wake wa kulia hakuna farasi wala kituo cha mafuta. Lakini aliyetunga hakuusikia wimbo wake vizuri kama walivyousikia waliomfukuza, na hilo lazima lilimuuma kuliko basi.

Kitu kimoja nilikisahau kwenye ubishi wetu wa zamani. Mwaka 2010 hawa watu walipatana kiasi cha kupanda jukwaa moja, Metallica, Megadeth, Slayer na Anthrax, kwanza Warsaw, Juni, halafu Sofia siku chache baadaye. Kule Sofia wakapiga pamoja wimbo mmoja, Mustaine na Hetfield na gitaa kila mmoja. Unajua walichagua upi? Am I Evil? ya Diamond Head, Waingereza. Nyimbo walizotunga pamoja walikuwa nazo tele, wakaazima ya jirani. Mimi naona walifanya busara, maana wangeanza huu tunaoubishania, wangeupiga kwa kasi ya nani?

Haya, kuhusu kujifunza. Aanze na Mechanix, usishangae. Aipige kwa kasi ndogo kabisa, nusu ya ile ya Megadeth, kiganja kimebana nyuzi karibu na daraja la gitaa, mpaka noti ndefu na zile mbili fupi zitengane kabisa sikioni. Asiongeze mwendo kwa sababu vidole vinataka. Aongeze pale tu kila noti inaposikika. Atashangaa kwamba akipandisha kidogo kidogo atafika kwenye mwendo wa The Four Horsemen bila kuambiwa, na hapo atajua mwenyewe pa kusimama. Solo ya katikati aiache kwanza aiimbe kwa mdomo. Akiweza kuiimba yote bila gitaa, vidole vitafuata. Na mwambie asiogope ukimya wa kabla ya solo ile. Vijana hudhani kila nafasi ni ya kujazwa.

Nyuzi za gitaa la umeme ulizoagiza nimezipata Kariakoo, seti mbili, nyembamba kwa sababu vidole vyake bado laini. Nitazipeleka stendi ya Magufuli asubuhi na kumkabidhi kondakta, nitakupigia nikishajua namba ya basi. Zikifika usimwachie afunge mwenyewe ule uzi wa kwanza, utamtoboa jicho. Pesa tutahesabiana ukija. Kama huji mwaka huu pia, basi nitumie mchele wa Kyela, kilo ishirini, na tusidaiane.

Shemeji msalimie sana, na dogo mwambie ajirekodi mwezi ujao anitumie, Mechanix ya polepole, bila madoido.

Ni mimi rafiki yako,
wa Magomeni