Barua kwa Dada Salma baada ya mvua ya mawe

Kabale, 16 Aprili

Kwa dada yangu mpendwa Salma,

Assalam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na watoto hapo Mbarara. Kimya changu cha tangu Idi nakuomba unisamehe, sababu zake nitakueleza tukionana. Leo nina jambo moja linaloninyima usingizi, nalo ni insulini ya Mama, dawa yake ya kisukari.

Jumatatu alasiri wingu zito lilitokea upande wa Ziwa Bunyonyi, na kabla hatujaanua nguo, mvua ya mawe ilianza kupiga mabati kwa kishindo hata tukawa hatusikilizani. Unajua mji wetu uko juu sana, karibu mita 2,000, hivyo mawe hayapati safari ndefu ya kuyeyuka kabla ya kufika chini. Nilipofungua mlango uwanja ulikuwa mweupe, maharage ya Mama Zuhura yalikuwa yamebaki vijiti, na ule mkaratusi wa nyuma ya msikiti ulikuwa umeangukia nyaya na kuvunja nguzo. Leo ni siku ya nne hatuna umeme.

Giza si tatizo, kwani taa ndogo ya jua inatutosha kula na kusali. Tunapika kwa sigiri barazani hata baridi ikizidi, kwa maana sijasahau yaliyotaka kumpata Hajati alipolala na makaa chumbani. Maziwa tuliyachemsha tukayamaliza.

Lakini dawa, Salma! Chupa moja tumeshaifungua, na hiyo hainisumbui, kwa kuwa muuguzi alitufundisha kwamba inaweza kukaa nje ya friji kama wiki nne, mradi iwe mahali pa ubaridi na mbali na jua. Zilizobaki ni tatu ambazo hazijafunguliwa, na hizo hutakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Jioni ile ile kaka yangu alizoa mawe ya barafu kwa beseni ili azifukie humo, nami nikapaza sauti kumzuia, kwani insulini ikiganda imeharibika, hata kama baadaye itayeyuka na kuonekana safi. Inaniuma kwamba uwanja mzima ulijaa barafu na sikuweza kuitumia.

Basi nilichukua vyungu viwili, nikaweka kidogo ndani ya kikubwa, nikajaza mchanga katikati, nikaulowesha na kufunika kwa gunia bichi, ili maji yakikauka yaondoke na joto. Ingekuwa kiangazi ningekuwa na matumaini zaidi. Majira haya ya masika hewa yenyewe imejaa maji, gunia halikauki upesi, na ubaridi unaopatikana ni haba. Usiku wa Kabale unanisaidia, ila ikifika saa saba mchana nagusa chungu kila mara na moyo unanidunda.

Nimekwenda mara mbili kuuliza umeme utarudi lini, nikaambiwa nguzo zinasubiriwa. Siwalaumu mafundi wanaopanda nguzo mvuani, lakini mtu mwenye mgonjwa nyumbani anastahili kutajiwa siku. Na Mama, kwa kunionea huruma, ameanza kusema apunguze kipimo ili chupa iliyofunguliwa idumu. Nimemkatalia kabisa, naye amenyamaza kwa namna inayonitia hofu kwamba atapunguza nisipokuwapo.

Ndiyo maana nakuandikia. Je, friji ya zahanati yenu inafanya kazi bila kukatikakatika, na je, utaruhusiwa kunihifadhia chupa mbili? Nikizifunga kwa kitambaa na kuzitia ndani ya chupa kubwa ya chai yenye maji baridi, zitafika salama kwa basi la asubuhi? Kwa kuwa zimeshakaa siku nne nje ya friji, nianze kuhesabu wiki nne tangu Jumatatu, au bado ni kama mpya? Na ungeweza kumpigia Mama simu wewe mwenyewe, umwambie habari ya kipimo? Yeye hukusikiliza wewe kuliko anavyonisikiliza mimi.

Nasubiri jibu lako kwa dereva huyu huyu anayekuletea barua.

Wako akupendaye,
Zainabu