Balbu zenye zebaki zitupwe wapi?

Ndugu Mhariri,

Kila panapozungumzwa kuondolewa kwa balbu za zamani, zile za waya wa tungsteni, mjadala huishia dukani: ipi inunuliwe, ipi iachwe. Naomba nafasi nizungumzie kinachotokea baada ya taa kuzima kabisa.

Sina ubishi na uamuzi wenyewe. Balbu ya waya hupoteza zaidi ya asilimia 90 ya umeme wake kwa kutoa joto, na kwa kawaida huungua baada ya saa 1,000 hivi. Umoja wa Ulaya ulianza kuziondoa sokoni mwaka 2009 kwa kuanzia na zile za wati 100, na nchi nyingi zimefuata. Leo taa ya LED, isiyo na waya wa kuungua wala zebaki, ya wati 8 hadi 10 inatoa mwanga uleule wa balbu ya wati 60. Ziondoke.

Lakini LED haikuwa ya kwanza kuzirithi. Kwa miaka mingi watu walihimizwa kununua taa za mrija uliosokotwa, na hizo hazifanyi kazi bila zebaki. Umeme ukipita ndani ya mrija, mvuke wa zebaki hutoa miale ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho, na unga mweupe uliopakwa kwenye kioo huigeuza miale hiyo kuwa mwanga. Zebaki yenyewe ni miligramu chache tu, na taa ikiwa nzima haimdhuru mtu. Wapo wanaosema pia kwamba mitambo ya umeme wa makaa ya mawe hutoa zebaki angani, hivyo kuokoa umeme kulipunguza sumu hiyo. Ni kweli. Ila ukweli huo si ruhusa ya kuzitupa ovyo.

Zebaki hushambulia mishipa ya fahamu. Ikifika majini, bakteria huigeuza kuwa aina kali zaidi inayolimbikizana katika samaki, na kutoka kwa samaki inamfikia mlaji. Watu wa Minamata, Japani, waliugua na kufa kwa kula samaki wa ghuba iliyochafuliwa na taka za kiwanda, ndiyo maana mkataba wa kimataifa wa zebaki wa mwaka 2013 ulipewa jina la mji huo. Chini ya mkataba huo, nchi wanachama zilikubaliana mwaka 2022 kusitisha balbu ndogo za aina hii ifikapo mwisho wa 2025. Mwaka uliofuata zikaafikiana kuhusu taa za mirija mirefu, nazo zenye zebaki, ambazo mwisho wake ni 2027.

Hatua hizo nazishangilia, ila marufuku huzuia kutengeneza, kuingiza nchini na kuuza nje tu. Taa zilizokwisha kununuliwa zingali darini, ofisini na madarasani, na nyingi zinang'olewa zikiwa bado zinawaka kwa kuwa LED zimekuwa nafuu. Zinaingia ndoo moja na taka za jikoni, zinapondwa ndani ya gari la taka, na wa kwanza kuvuta mvuke wa zebaki ni mzoataka na mwokota chupa jaani. Watu hawa hawakuulizwa maoni wala kupewa barakoa. Hilo linaniuma kuliko bei ya umeme.

Anayeuza taa apokee na iliyokufa, bila malipo. Si ndoto: sheria ya Umoja wa Ulaya inawataka wauzaji wafanye hivyo, na ipo mitambo inayotenganisha kioo, metali na ule unga wenye zebaki. Gharama ibebwe na watengenezaji na waagizaji, kwani ndio waliopata faida.

Wakati huohuo mwenye nyumba aambiwe la kufanya taa ya aina hii ikivunjika. Watu watoke chumbani, madirisha yafunguliwe, isubiriwe kama dakika kumi. Ufagio na mashine ya kufyonza vumbi visiguswe, maana hutawanya unga. Vipande vizolewe kwa karatasi ngumu, chembechembe zinaswe kwa utepe wa kunata, kisha vyote vitiwe kwenye chupa yenye kifuniko. Maelezo haya mafupi yangetosha kwenye boksi, kwa lugha anayoisoma mnunuzi.

Nchi wanachama wa mkataba zinahitaji kanuni za kuondoa mirija mirefu. Kifungu cha ukusanyaji kiingizwe humo kabla ya 2027.

Wako,
Msomaji